Mgeni wa Saa Sita katika Banda la Subilaga

Hadithi inapiga hodi.

Ipite.

Haina kiti.

Ipewe mkeka.

Inasema polepole.

Nasi hatuna haraka.

Basi sikilizeni. Zamani, zamani sana, katika bonde la joto chini ya milima ya baridi, aliishi mtu jina lake Asumwisye na mkewe Subilaga. Jambo la mwisho la kawaida lililotokea nyumbani kwao lilikuwa hili: Subilaga alitoka na chungu cha maji aliyooshea vyombo, akazunguka nyuma ya nyumba, akayamwaga kwenye dimbwi la tope mbele ya banda la nguruwe. Asumwisye alikuwa amekaa kizingitini akichonga mpini wa jembe. Alimsikia mkewe akizungumza na nguruwe, akawasikia nguruwe wakimjibu. Subilaga alipopita, Asumwisye alimwambia kwamba maji yale yangefaa zaidi migombani. Subilaga akasema migomba haijamwomba. Kisha akasema kichwa kinamgonga, akaingia ndani alale kidogo.

Hakuamka.

Sasa, zamani zile wanyama walikuwa bado wana maneno kinywani. Lakini palikuwa na sheria moja kati yao na watu: mnyama haanzi mazungumzo. Ukimuuliza atakujibu, wala hatakudanganya. Usipomuuliza atanyamaza na neno lake, hata kama neno hilo linamuua.

Na Asumwisye hakuwa mtu wa kuuliza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutazama na kukisia, na mara nyingi alikisia sawa. Alikisia mvua, ikanyesha. Alikisia njaa ya mkewe, akapika ndizi kabla hajaambiwa. Mtu anayekisia sawa mara nyingi huona kuuliza ni kazi ya wajinga.

Siku ya kuzika ikapita. Watu wakaanza kuja matanga. Akaja Bupe, dada mkubwa wa Asumwisye, mwanamke mwenye mikono ya kazi na mdomo usio na kufuli. Akazunguka nyumba nzima akitazama. Alipofika nyuma akaliona dimbwi, akawaona nguruwe watatu wamelala ndani yake, wamepakaa tope mpaka kope za macho.

"Mdogo wangu," akasema Bupe, "kesho kutwa wakwe zako wanashuka kutoka mlimani. Wakilikuta tope hili watasema binti yao tulimwolea jalalani."

Asumwisye aliona aibu. Akasema moyoni kwamba Subilaga alistahili uwanja safi. Akachimba udongo wa kichuguu, akalifukia dimbwi, akalishindilia kwa gogo, akalisiriba mpaka likang'aa kama sakafu ya nyumba ya bibi harusi. Akawaosha nguruwe mmoja mmoja mpaka ngozi zao zikaonekana, ngozi za waridi ambazo hakuwahi kuziona. Akawaingiza bandani. Kuta za banda zilikuwa za mianzi, na kati ya mwanzi na mwanzi palikuwa na nafasi ya vidole viwili. Akaona waombolezaji watachungulia, watasikia harufu. Akachukua mikeka, akaifunga kuzunguka banda zima.

Nguruwe walimtazama akifanya hayo yote. Walikuwa na la kusema.

Naye hakuwauliza.

Ulikuwa mwisho wa kiangazi. Mwezi ule bonde huwa kama chungu kilichofunikwa: upepo haushuki mlimani na mvua bado iko kwao.

Siku ya kwanza, jua lilipofika utosini, akaja mgeni.

Alikuwa mrefu. Alivaa nguo ya rangi ya majivu, na uso wake ulikuwa mkavu. Watu wote uwanjani walikuwa wanajifuta jasho, yeye hakuwa na tone. Kivuli cha kila mtu saa ile kilikuwa kidogo chini ya nyayo zake. Mgeni hakuwa hata na kile kidogo. Asumwisye aliliona jambo hilo, akadhani ni machozi yamemchezea macho.

"Poleni na msiba," akasema mgeni. "Nimekuja kukaa na waliofiwa."

Kwa watu wa bonde lile, nyumba ya msiba haina mlango. Mfiwa hamuulizi mgeni ametoka wapi wala ni ndugu wa nani. Anamkaribisha, anamwonyesha mahali pa kukaa, basi. Kuuliza ni kumtukana maiti.

Asumwisye akamkaribisha. Akampa mkono, na mkono wa mgeni ulikuwa kama jiwe lililotolewa jikoni. Akampa maji katika kibuyu. Mgeni akakishika kibuyu, hakukipeleka mdomoni, akakirudisha. Kilikuwa kikavu.

Ndani ya nyumba walijaa wanawake, na chini ya migomba walijaa wanaume. Asumwisye akasema, kwa haya, kwamba mahali palipobaki ni nyuma, kwa wanyama. Mgeni akasema panamtosha. Akainua mkeka wa banda, akaingia, akaushusha nyuma yake.

Naye hakumuuliza.

Alasiri Asumwisye aliwapelekea nguruwe pumba. Walikuwa watatu, wote wa Subilaga: Mtamba, aliyekuwa na mimba ya kwanza, Dume, mzee wa banda, na Mama Nguruwe, mwenye watoto tisa wa juma moja. Siku zote walilala wakigandana. Siku ile kila mmoja alikuwa amejinyoosha peke yake, ubavu chini, mbali na mwenzake. Walikuwa wanahema kwa midomo wazi, upesi upesi, kama watu wanaolia kwikwi. Ngozi zao zilikuwa nyekundu. Pumba hawakuigusa.

Mgeni alikuwa amekaa katikati yao. Mkono wake ulikuwa juu ya mgongo wa Mtamba.

Asumwisye akawatazama, akakisia. Alikuwa amewaona watu wengi wakimlilia Subilaga kwa sauti kisha wakaomba chumvi kwenye ndizi. Hawa hawakula. Hawa walijitenga kila mmoja na uchungu wake.

"Wanamlilia," akamwambia mgeni.

"Ndiyo," akasema mgeni. "Waache walie."

Jua lilipozama mgeni alikuwa ameondoka, hakuna aliyemwona akipita. Mtamba alikuwa amekufa.

Habari ilienea uwanjani kwamba nguruwe wa Subilaga amekufa kwa majonzi. Hawakumla. Walimzika kandokando ya migomba, na wazee wakavua kofia zao. Bupe akasema huyu amewaaibisha mawifi wengi, maana wapo waliomlilia marehemu huku jicho liko kwenye vitenge vyake. Wanawake wakacheka, kisha wakakumbuka wako wapi, wakaanza tena kulia.

Asumwisye usiku ule alilala vizuri kidogo. Alikuwa amepata mwenzake wa kulia.

Siku ya pili, jua lilipofika utosini, mgeni akaja.

"Poleni na msiba. Nimekuja kukaa na waliofiwa."

Asumwisye akamkaribisha. Mahali mgeni alipokuwa amesimama jana nyasi zilikuwa zimelala, kahawia, na hazikuinuka. Mgeni akainua mkeka, akaingia bandani, akaushusha nyuma yake.

Naye hakumuuliza.

Alasiri Asumwisye akaingia na pumba. Safari hii Dume ndiye aliyekuwa chini ya mkono wa mgeni. Povu lilimtoka mdomoni, macho yalikuwa yamegeuka, miguu ilimtetemeka. Watoto wa Mama Nguruwe walikuwa wanashika chuchu, wanaziacha, wanalia, wanashika nyingine.

Asumwisye akakisia. Aliwahi kuwaona wanawake wakizimia kwa kilio, na dawa yao watu wote waliijua: humwagiwa maji ya baridi kichwani wakazinduka. Akakimbia mpaka kwenye chemchemi inayotoka chini ya mlima, yenye maji ya kuuma meno. Akarudi na mitungi mitatu. Akammwagia Dume mtungi wa kwanza. Akammwagia wa pili. Akammwagia wa tatu.

Dume akasimama wima. Akakakamaa kama kisiki. Ngozi yake, iliyokuwa nyekundu, ikawa nyeupe mbele ya macho ya Asumwisye. Kisha akaanguka mara moja, naye hakupiga hata kelele.

Mgeni akautoa mkono wake mgongoni kwa Dume, akauweka juu ya mgongo wa Mama Nguruwe.

Mnanisikia?

Tunakusikia.

Basi ikawa siku ya tatu. Asubuhi mashemeji wa Asumwisye wakashuka kutoka mlimani. Walikuwa wanne, na mkubwa wao aliitwa Kabuje, kaka yake Subilaga, mtu mwenye kifua kipana na maneno machache. Kwa rambirambi walileta nguruwe mmoja aliyehasiwa, mwenye manyoya mazito ya nchi ya baridi. Wakausifu uwanja kwa usafi wake. Kabuje aliusugua kwa kidole cha mguu mahali palipokuwa dimbwi, akasema dada yake aliolewa na mtu mwenye heshima. Bupe akamkonyeza mdogo wake. Nguruwe huyo wa mlimani akaingizwa bandani pamoja na Mama Nguruwe.

Jua likafika utosini. Mgeni akaja, akasema maneno yake, akapita nyuma.

Siku ile Asumwisye hakusubiri alasiri. Alikuwa amebaki na Mama Nguruwe tu. Subilaga alimlea Mama Nguruwe huyo kwa uji, tangu alipokuwa mdogo kiasi cha kulala ndani ya ungo. Akifa, katika nyumba ile hapatabaki kiumbe hai aliyelishwa na mikono ya Subilaga isipokuwa Asumwisye mwenyewe. Akasema moyoni: kama anakufa kwa kumlilia, nitalia naye. Akainua mkeka, akaingia, akakaa chini.

Ndani kulikuwa kama ndani ya tanuru la vyungu. Mama Nguruwe alikuwa amelala ubavu, ulimi nje. Watoto wawili kati ya tisa hawakuwa wanatikisika. Mgeni alikuwa anampapasa mgongo taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Na kwenye kona, nguruwe wa mlimani alikuwa amejinyoosha peke yake. Alikuwa anahema upesi upesi, mdomo wazi. Pumba ilikuwa mbele yake, hakuigusa.

Asumwisye akamtazama. Akataka kukisia, na kwa mara ya kwanza makisio hayakuja. Akamtazama tena.

"Wewe hukumjua marehemu," akasema. "Umefika leo asubuhi. Unamlilia nani?"

Nguruwe wa mlimani akafumbua jicho moja.

"Simlilii mtu," akasema. "Ninaungua."

Mkono wa mgeni ukasimama mgongoni.

Jasho lilikuwa linamtiririka Asumwisye. Akamgeukia Mama Nguruwe. Ulimi ulikuwa mzito, lakini swali likatoka.

"Na wewe, mama? Wewe una nini?"

"Baba mwenye nyumba," akasema Mama Nguruwe, "siku tatu nimengoja uniulize. Wewe ukipata joto jasho linakutoka, upepo unakupoza. Sisi hatukupewa jasho la kutosha. Tope ndilo jasho letu. Mkeo alijua kwa sababu aliuliza. Wewe umelifukia, ukalishindilia, na upepo ukaufungia nje kwa mikeka."

"Nilidhani mmekataa kula kwa majonzi."

"Chakula ni kuni. Kikiingia tumboni kinawaka. Nani anachochea kuni nyumba ikiungua?"

"Na kuhema?"

"Mdomo ndio mlango uliobaki."

"Mbona mlilala mbalimbali, kama msiojuana?"

"Mwili wa mwenzako ni moto mwingine."

Asumwisye aliwatazama watoto. Aliuliza kwa shida watoto wamepatwa na nini.

"Damu yangu imekimbilia kwenye ngozi kutafuta upepo," akasema Mama Nguruwe. "Imeyaacha maziwa, imeuacha utumbo. Utumbo usio na damu unalegea kama mkeka uliooza, na sumu ya mavi inapenya mwilini. Mtamba alikufa kwa sumu hiyo. Hakufa kwa majonzi."

"Na Dume?"

Mama Nguruwe aligeuza uso upande wa ukuta. Lakini alikuwa ameulizwa, na mnyama aliyeulizwa hadanganyi.

"Dume ungemwacha, pengine angeiona jioni. Maji yako yaliifunga ngozi yake kwa ghafla, moto ukabaki ndani, moyo ukashindwa."

Asumwisye hakulia. Aliinamisha kichwa. Kisha akamgeukia aliyekaa kando yake, akauliza kwa sauti iliyosikika mpaka uwanjani:

"Na wewe, mgeni. Umetoka wapi?"

Nje vilio vilikatika. Wanawake walishika midomo. Swali hilo halikuwahi kuulizwa katika nyumba ya msiba tangu bonde lile lipate watu.

Mgeni akatabasamu, na tabasamu lake lilikuwa kavu.

"Sikutoka mbali," akasema. "Kila siku saa sita nilisimama pale nje. Mkeo alipokuwa hai alinijua jina, hakunikaribisha hata mara moja. Mimi ni Joto. Huwa siingii nisipoonyeshwa mahali pa kukaa. Wewe ulinionyesha."

"Ondoka," akasema Asumwisye.

"Naondoka. Nikishaulizwa sina haki ya kukaa. Lakini usinitupie mimi lawama. Sikufunga mkeka hata mmoja." Akasimama, na kichwa chake kilikaribia kugusa nyasi za paa. "Kesho ninangojwa kwingine. Msimu huu huwa sikosi mwaliko."

Akatoka. Watu walimwona akipita uwanjani bila kuinua vumbi. Njiani nyasi zilijikunja, zikajikunja, mpaka hakuna aliyemwona tena.

Asumwisye akarukia mikeka. Aliichana, akaitupa. Akauliza aanze na nini. Mama Nguruwe akamwambia achukue maji yaliyokaa mtungini, yasiwe ya chemchemi. Aloweshe sakafu kwanza, kisha miguu, kisha tumbo, kidogo kidogo, na mgongo uwe wa mwisho. Akauliza kuhusu kunywa. Akaambiwa funda chache, kisha apumzike, kisha funda chache tena. Akauliza kuhusu chakula. Akaambiwa mpaka jua lizame.

Kisha akachukua jembe, akaanza kuipasua sakafu inayong'aa ya uwanja wake.

Kabuje alikuja mbio. Akamwona mgane anachimba kati ya waombolezaji huku udongo unaruka kwenye nguo zao.

"Shemeji, umerukwa na akili?"

"Bado," akasema Asumwisye. "Nisaidie kuchimba, nikirukwa utajua."

Kabuje akamtazama, akamtazama na nguruwe aliyemleta mwenyewe, sasa hoi. Akavua joho lake, akashika jembe la pili. Bupe alifunga nguo kiunoni, akatwaa mtungi. Alisema kwamba kama jalala ndilo linalowaweka hai, basi binti wa watu aliolewa kwenye jalala jema, na yeye mdomo wake ulimponza, na asiyeteka maji asimtazame. Wanawake wakafuata mmoja mmoja.

Mama Nguruwe hakuweza kutembea. Walimviringisha juu ya kipande cha mkeka, watu sita, wakamburuta mpaka kwenye tope jipya. Nguruwe wa mlimani alijikokota mwenyewe. Watoto wawili walikuwa wamekufa. Saba wakawekwa kivulini chini ya majani ya migomba, wakapewa uji kwa kidole.

Jua lilipozama pumzi ya Mama Nguruwe ilianza kuhesabika. Akanywa. Baadaye akala konzi moja ya pumba. Asumwisye alikuwa amechuchumaa ukingoni, tope mpaka magotini. Lilikuwapo swali alilolirudisha kinywani mara nyingi. Mwisho akalitoa.

"Lakini mlimlilia?"

"Tulimlilia," akasema Mama Nguruwe. "Asubuhi ya kwanza, kabla ya jua kupanda. Baada ya hapo hatukupata nafasi."

Asumwisye akaitikia kwa kichwa. Jibu hilo lilikuwa dogo kuliko alilotaka, akalipokea lilivyo.

Kulipokucha aliamka kabla ya jogoo. Desturi ya bonde lile ilimkataza mgane kuvuka kijito mpaka siku ya saba, atakaponyolewa nywele. Alivuka kijito. Katika nyumba ya kwanza alimkuta mwanamke anatwanga mahindi, na nyuma yake banda la nguruwe limezibwa vizuri kwa sababu ya wezi. Mwanamke yule alipomwona mgane mwenye nywele za msiba amesimama uwanjani kwake, mchi ulimponyoka. Asumwisye hakukaa, wala hakupokea pole. Alimuuliza nguruwe wake wakoje, na kama yeye amewauliza. Walipokwisha kuwauliza pamoja, akaaga, akaenda nyumba ya pili. Alifika nyumba kumi na moja kabla jua halijafika utosini.

Basi enyi mnaosikiliza, funzo ni hili. Huzuni yako ni nguo yako, imekatwa kwa kimo chako. Usimvike mwenzako ukasema imemkaa vizuri. Mtu akinyamaza, akikataa kula, akijitenga pembeni, usikisie. Muulize nini kinamuuma, umuulize mapema, ukubali atakachojibu.

Hadithi imeinuka kutoka mkekani.

Iende salama.

Aliyesikia amesikia, na aliyesinzia amuulize jirani.